Daftari la nyumba za kaunsili: jina la marehemu baba

Bint Mvita, Leicester
Assalaam aleikum jamaa. Nimeamshwa na simu ya mamangu, analia. Afisi inayoshika daftari la wapangaji imemwambia jina lililomo ni la baba, basi baba aende mwenyewe. Baba tulimzika 2009. Mama amelipa kodi miaka yote hiyo, risiti amezifunga uzi ndani ya mkebe wa biskuti. Ameambiwa risiti zaonyesha pesa zimeingia, hazionyeshi mpangaji ni nani. Mtaa wetu pale Mombasa si Buxton, ni mmoja katika ile mingine ya kaunsili iliyosemwa itajengwa upya tangu enzi za gavana Joho, na sasa kuna maneno kwamba orodha inafungwa. Mama ana miaka 78 na sote wanawe tuko nje. Nikimwandikia binamu yangu hati ya uwakili, nikaigongesha muhuri pale ubalozi wa Kenya, Portland Place, London, itakubaliwa? Au lazima nije?

Abu Salim, Doha
Waaleikum salaam, pole dadangu. Usikimbilie uwakili. Uwakili wampa mtu mamlaka uliyonayo wewe, na wewe bado huna. Anza kwa kadhi, warithi wa mzee waandikwe. Sisi nyumba ya nyanya pale Majengo ilituchukua miezi 11, kwa sababu cheti cha kifo kiliandikwa Mohamed na kitambulisho Mohammed. Herufi moja! Mjomba aliapa kiapo mara mbili.

Umm Hafsa, Jeddah
Mwambie mama asitoke, hata wakija na tingatinga. Sheria ya ardhi inataka ilani ya miezi 3. Na ndugu zetu walioajiriwa huko Kenya wanakatwa ile 1.5% ya mshahara ya kujengea nyumba kila mwezi, itakuwaje mama mzima akose mahali?

Mzee wa Mwembe Tayari, Toronto
Wanangu, tusimpoteze huyu binti. Abu Salim, nyumba ya nyanya yako ilikuwa yenu, hata kama ni nyumba bila ardhi kama zilivyo nyingi pale Majengo. Hizi za kaunsili ni za kupanga, hazigawanywi kwa kadhi. Umm Hafsa, ile ilani ya miezi 3 iliingizwa 2016 kwa watu waliokaa kwenye ardhi bila idhini. Mama huyu ni mpangaji, asijiweke katika fungu hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Na 1.5% ni ya serikali kuu, haihusiani na daftari la kaunti. Linalotakiwa ni mama atambuliwe kuwa mpangaji kwa jina lake.

Abu Salim, Doha
Mzee wangu, sikusema wagawane vyumba. Nimesema karatasi ya kadhi inathibitisha yeye ni mjane wa nani. Afisi yoyote itaiuliza.

Mzee wa Mwembe Tayari, Toronto
Hapo sawa. Hukusema hivyo mwanzo.

Kijana wa Tudor, Minneapolis
Jamani, jina ndilo kila kitu. Buxton ilipovunjwa 2021, aliyepewa zile shilingi 240,000 za kuhamia ni mpangaji aliyeandikwa. Na hizo zenyewe, ukipanga Bamburi kwa 15,000, ni miezi 16 tu. Pale angalau majengo yamesimama. Mitaa mingine tangu nasoma sekondari nasikia "mwakani". Kesi ikafika mpaka Mahakama ya Rufaa, 2018, watu wakidai hawakushirikishwa. Gavana Joho ameondoka, Nassir ameingia mahali pake 2022, na wazee bado wanaulizwa makaratasi ya wakati wa Manispaa, kabla ya kaunti. Mtaa uliosimama ndio mbaya zaidi: hujengewi, na hakuna anayetengeneza paa kwa sababu "itavunjwa".

Umm Hafsa, Jeddah
Paa la kwetu lilivuja masika matatu. Lakini wallahi, ningepewa leo nirudi kwenye ule ukumbi, mama akaanga mahamri, majirani wakipokea sahani za mbaazi dirishani bila kubisha mlango, ningerudi na ndoo yangu ya kukinga maji. Ghorofa 12 utampitishia nani sahani?

Bint Mvita, Leicester
Ahsanteni, nimelia tena. Binamu atampeleka mama kwa kadhi Jumatatu. Ametuma picha: amezimwaga risiti zote mkekani, anazipanga mwaka kwa mwaka. 1987 haimo. Na ule muhuri wa Portland Place, kuna aliyewahi kuutumia?

Mzee wa Mwembe Tayari, Toronto
1987 nakumbuka tulikuwa tukilipa taslimu, baba ananitia noti kiganjani na kunikunja vidole. Risiti za mwaka ule karatasi yake ilikuwa nyepesi, ikishika unyevu yagandana. Mwambie mama aangalie nyuma ya zile za 1986, azitenganishe polepole kwa kisu cha siagi.