Jules et Jim: maandishi ya tafsiri yanayatangulia maneno, tunarekebishaje?

Mdau wa Sinza
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tunaonyesha Jules et Jim ya François Truffaut (1962) uani kwenye klabu yetu hapa Sinza. Faili la filamu lina dakika 105. Maandishi tuliyapata kwa Kiingereza, tukayatia Kiswahili. Mwanzo yanakwenda sawa, ila ikifika katikati yametangulia kama dakika mbili nzima: Jim hajafungua mdomo, jibu lake tayari liko kwenye kitambaa. Nikibonyeza H (ya kuchelewesha maandishi) kwenye VLC, programu yetu ya kuchezea video, yanakaa kidogo, kisha yanaharibika tena. Kitambaa ni sentimita 240 kwa 135. Pia tunafikiria kuruka sehemu za msimulizi, anaongea mbio mno. Mnashauri nini?

Fundi Projekta
Mkuu, hayo yalipangwa kwa DVD ya Ulaya. Zile zinakwenda fremu (picha) 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu ya dakika 105 inaishia kwenye 101. Kila dakika maandishi yanatangulia sekunde 2.4 hivi. H inasogeza yote kwa kiasi kilekile, hairefushi. Fungua faili la maandishi kwenye programu ya Subtitle Edit, badilisha kasi ya fremu kutoka 25 kwenda 23.976 (ndiyo hiyo 24 kwenye faili za kompyuta), hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Kisha kagua sehemu tatu: msimulizi wa mwanzo, Jeanne Moreau (anayeigiza Catherine) akiimba, na ile safari ya mwisho ya gari.

Picha yenyewe ni ya upana wa 2.35 kwa 1. Kwenye sentimita 240 itakupa kimo cha 102 tu. Usiivute ijaze kitambaa, na usikate pembeni! Mpiga picha Raoul Coutard anawapanga watu watatu kutoka ukingo hadi ukingo. Ukikata, rafiki mmoja anapotea. Maandishi yashushe kwenye ule utepe mweusi wa chini, una sentimita 16, mistari miwili inaenea.

Dada wa Upanga
Msimulizi msimguse jamani. Michel Subor anasoma maneno ya riwaya ya Henri-Pierre Roché, na yeye ndiye anayetuambia Jules, yule mume, anajua nini na ananyamazia nini. Mkimwondoa, watu wataona mume bwege anayemwachia rafiki yake mke, basi. Punguzeni maneno: mistari miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, ikae sekunde sita kwa wingi. Sifa za vitu zikatwe, majina yabaki. Na maandishi yake yawe ya mlazo (italiki) ili asichanganywe na wanaoongea.

Jambo jingine, mwambieni kabisa atakayekaa kwenye laptopu: filamu inaanza gizani, sauti ya Catherine tu, asikimbilie nyaya. Baadaye Catherine akiwaigizia nyuso zake picha inaganda kwa kitambo, ndivyo ilivyotengenezwa. Picha za vita nazo ni za kumbukumbu zilizotandazwa, askari wanaonekana wanene. Asibadilishe kipimo cha picha hapo, maana akisahau kukirudisha ameharibu yote yanayofuata.

Mdau wa Sinza
Nimebadilisha kasi, wimbo umekaa sawasawa. Asante sana. Tuanze saa ngapi?

Fundi Projekta
Saa 1:15 usiku, giza limeshaingia. Projekta iwasheni mapema ipate moto, na muwe na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika): umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na taa hizo ni ghali. Ruhusa ya mwenye haki na ya Bodi ya Filamu ziwe mkononi kabla ya kutangaza.