Mrejesho: Lee-Enfield ya babu mkwe sikuikata

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza hapa iwapo nikate mbao za mbele za bunduki ya Lee-Enfield Nambari 4, iliyotengenezwa Long Branch, Ontario, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kuitoboa ili nifunge darubini ya kuwindia paa. Wengi mlinionya, na nawashukuru.

Fundi wa bunduki alithibitisha kwamba nambari za utambulisho za mwilini na za bolti (kipande cha chuma kinachofunga chumba cha risasi) zinalingana, yaani ni vya bunduki moja, na bunduki ingepoteza thamani yake mara tu baada ya kutoboa. Muhimu zaidi, alipopima nafasi inayobaki nyuma ya kitako cha risasi bolti ikifungwa, aliikuta imezidi kiwango salama, hivyo akabadilisha kichwa cha bolti kwa kingine kirefu kidogo, kwani modeli hii ilitengenezewa vichwa vya urefu tofauti.

Nimenunua mbao zilizokwisha kukatwa na mtu mwingine, nikahifadhi zile za asili, na darubini nimeachana nayo. Kwa shabaha ya mita 100, kiona cha nyuma cha tundu kinanitosha kabisa, ingawa macho yangu yanalalamika jioni.