Tupeane uzoefu: watu wa kazi yako, umri wako au hali yako hutafutaje taarifa?

Mwanzisha Mada
Habari zenu, ndugu zangu. Jana nilimsikia msichana wa shule akimwelekeza babu yake namna ya kutafuta jambo kwenye simu, na babu akamuuliza kwa nini wahangaike hivyo ilhali yupo mtu anayelijua jambo lenyewe na namba yake ipo. Kila mmoja alifika kwenye jibu kwa njia yake, na sikuona aliyekuwa mjinga kati yao. Naomba tuelezane: unapotaka kujua jambo, unaanzia wapi, unamwamini nani, na unajuaje kwamba umefika? Kila mtu aeleze yanayofanyika kwake.

Mkutubi
Umenigusa mahali penyewe. Nimekaa kwenye dawati la maswali la maktaba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nililojifunza ni kwamba mtu akija hasemi anachokitafuta, bali husema kile anachodhani maktaba inacho. Mama anaingia na kuuliza vitabu vya afya viko kwenye rafu ipi. Ukimwonyesha kwa kidole na kuendelea na shughuli zako, umemwacha njiani. Ukimuuliza kwa upole kama kuna jambo mahususi angependa kulisoma, anatazama huku na huku, anasogea karibu na dawati, na hapo ndipo anaposema kwamba ameandikiwa dawa, kwamba ananyonyesha, na kwamba foleni ilikuwa ndefu akaona aibu kumchelewesha daktari.

Robert Taylor, mtaalamu wa ukutubi, aliliandika jambo hili mwaka 1968. Alieleza kwamba haja ya kujua hupita ngazi nne: huanza kama wasiwasi usio na maneno, kisha mtu huutambua ingawa huueleza kwa kubabaika, kisha huupanga uwe swali kamili, na mwishowe hulipunguza swali hilo ili lilingane na kile anachodhani atajibiwa. Sisi hupokea lile la mwisho, na kazi yetu ni kurudi nyuma pamoja na muulizaji hadi tulipate la kwanza. Mashine ya kutafutia hulijibu neno lililoandikwa, liwe ndilo au silo.

Mhandisi wa Mitambo
Kwetu ni rahisi: tunamuuliza mwenzetu wa meza ya jirani. Nyaraka zipo, tena nzuri, lakini aliyewahi kuufungua mtambo huo kwa mikono yake atakwambia ndani ya dakika moja kile ambacho kitabu cha maelekezo kimekizungushia kurasa. Thomas Allen, aliyewachunguza wahandisi na wanasayansi kazini na kuchapisha kitabu mwaka 1977, alionyesha kwamba mazungumzo ya kikazi hupungua kwa kasi kadiri meza zinavyoachana, na zikifikia umbali wa mita 50 hivi hubaki kidogo sana. Niliposoma hayo sikushangaa hata kidogo. Mwenzetu mmoja alipohamishiwa ghorofa ya juu, tuliacha kumuuliza, na yeye ndiye aliyejua zaidi yetu sote.

Fundi Mwenzako
Ni kweli tupu. Tena ukimuuliza jirani, unajua pia ni nani wa kumrudia mambo yakiharibika.

Wakili
Kwetu sisi hilo la kumuuliza jirani ni hatari. Hukumu inaweza kuwa nzuri, imeandikwa kwa ufasaha, inakufaa katika kila aya, kumbe ilitenguliwa na mahakama ya juu na haina nguvu tena. Kwa hiyo nusu ya utafutaji wetu ni kuhakikisha kwamba tulichokipata bado ki hai. Huko Marekani, Frank Shepard alianza kuitatua shida hiyo mwaka 1873 kwa kuchapisha vibandiko vyenye gundi ambavyo mawakili walivibandika pembezoni mwa kurasa za vitabu vyao, vikionyesha ni kesi zipi za baadaye zilizoitaja kesi hiyo. Leo kompyuta inafanya kazi hiyo, lakini swali ni lilelile: tangu haya yaandikwe, nani ameyagusa? Natamani watu wa fani nyingine wangelichukua swali hilo.

Mhadhiri
Nimesoma kwa makini, na naomba kusema lisilopendeza. Vijana wa siku hizi hawatafuti, wanaokota. Mwanafunzi anaandika sentensi nzima ya swali la mtihani, anafungua tokeo la kwanza, ananakili, anafunga. Sisi tulifundishwa kusoma andiko kwa utulivu toka mwanzo hadi mwisho kabla ya kulihukumu, na adabu hiyo imepotea.

Mwanafunzi Mwaka wa Tatu
Shikamoo, Mwalimu. Kwa heshima zote, napenda kupinga. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya utafiti uliowakalisha mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi 10 wa ukweli wa habari, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Waliwapa, pamoja na mengine, tovuti mbili za madaktari wa watoto: moja ya chama kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1930, nyingine ya kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002, kikiwa na jina linalokaribiana na lile la chama hicho. Wanafunzi wengi walidanganyika, hilo silifichi. Lakini hata baadhi ya wanahistoria, waliousoma ukurasa kwa utulivu huohuo unaousifu, walivutwa na nembo, mpangilio na marejeo yaliyowekwa chini. Wakaguzi wa habari ndio waliofaulu, kwa sababu hawakukaa kwenye ukurasa. Waliuacha mapema, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu kikundi hicho.

Kwa hiyo utulivu peke yake haumwokoi mtu. Tovuti ya mtu asiyemjua haimwambii msomaji kwamba ni ya uongo, hata aisome mara ngapi.

Mhadhiri
Marahaba. Umeleta hoja yenye uzito, na utafiti huo naufahamu. Hata hivyo, nakuuliza: mkaguzi akishatoka kwenye ukurasa na kukutana na sauti kumi zinazopingana, anachagua kwa kigezo gani? Anachagua kwa maarifa aliyoyapata kwa kusoma taratibu miaka mingi. Usiwafundishe wenzako kuondoka kabla ya kuwafundisha wanakokwenda.

Mwanafunzi Mwaka wa Tatu
Ndiyo maana tunaomba mtufundishe, Mwalimu, badala ya kutuambia kwamba tunaokota.

Mkutubi
Wote wawili mna haki ya kusikilizwa, lakini msitupeleke mbali na mada. Marcia Bates, mtafiti wa namna watu wanavyotafuta taarifa, aliandika mwaka 1989 kwamba utafutaji wa kweli unafanana na kuchuma matunda porini, moja hapa na jingine pale, na kila linalopatikana hubadilisha kidogo kile ambacho mtu alikuwa anakitaka. Hilo humtokea mhadhiri na humtokea mwanafunzi.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Maneno ya Mkutubi kuhusu swali la kwanza yamenirudisha kwenye usiku ambao nadhani sitausahau, na naomba mnivumilie kwa kuwa ni marefu.

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa zamuni. Mtoto wao wa miaka miwili alikuwa anatokwa mate mengi na alikataa kula, na dada yake mkubwa alisema kwamba alimwona akiweka sarafu mdomoni. Kaka yangu si mtu mzembe. Alikuwa ameshatafuta kwenye simu, akaandika kwamba mtoto amemeza sarafu na afanye nini, na majibu aliyopata hayakuwa ya uongo: sarafu nyingi hupita zenyewe, mtoto atazamwe, choo kikaguliwe. Alinipigia ili tu nimthibitishie kwamba anaweza kusubiri hadi asubuhi.

Nilimuuliza nani aliyeiona hiyo sarafu kwa macho yake. Akasema ni yule binti. Nikamwomba ampe binti simu, nikamuuliza ilikuwaje, na yule mtoto wa miaka sita akaniambia: «Ilikuwa ndogo, inang'aa, imetoka kwenye rimoti.» Nikamwambia kaka yangu aitazame rimoti. Kifuniko cha nyuma hakikuwepo, na betri nayo haikuwepo.

Kwa wasiojua: betri ile bapa ya duara ikikwama kwenye umio huanza kupitisha umeme kwenye utando wenye unyevu, na kemikali kali inayozalishwa hapo huunguza nyama hata kama betri haijavuja. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Nilimwambia aondoke nyumbani palepale, asingoje hata kuvaa viatu. Kwenye picha ya eksirei kitu kile kilionekana kama sarafu kwa mtazamo wa haraka, lakini ukingoni kulikuwa na duara mbili, moja ndani ya nyingine, na hiyo ndiyo alama ya betri. Ilitolewa usiku uleule kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni.

Kaka yangu alitafuta vizuri na alijibiwa vizuri, kwa swali ambalo halikuwa lake. Tangu hapo, mgonjwa au ndugu akiniambia amesoma kitu kwenye simu, sianzi kwa kumkemea. Namuuliza: uliandika maneno gani?

Mama Mapacha
Mungu wangu! Mtoto anaendeleaje sasa?

Fundi Mwenzako
Nimesimama katikati ya kusoma nikaenda kuzikagua rimoti zote za nyumbani.

Baba wa Wanne
Pole sana, dada. Kwetu tulifundishwa kwamba mtoto akimeza kitu atapishwe haraka kabla hakijashuka. Je, hilo lisingesaidia?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Anaendelea vizuri, anakula kila kitu, ahsante kwa kuuliza. Ndugu Baba wa Wanne, tafadhali usimtapishe mtoto aliyemeza betri au kitu chochote kinachounguza, na usiketi kusubiri dalili. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama una shaka tu.

Baba wa Wanne
Nimekuelewa. Basi ushauri wangu ni kwamba mambo ya afya yasitafutwe kwenye simu kabisa.

Mama Mapacha
Hapo sikubaliani nawe. Hali yangu wakati wa ujauzito niliijua kwa kusoma mwenyewe, nikaenda kliniki nikiwa na maswali niliyoyaandika kwenye daftari, na daktari alifurahi kuyajibu. Tangu mwaka 1997 mtu yeyote anaweza kuzipekua bure muhtasari za makala za kitabibu kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala hizo. Kwa nini tujinyime? Tutafute, kisha tuulize.

Babu wa Wajukuu
Mtafute mtu mmoja mkweli, mfanye rafiki, na maswali mengine yote yatakuwa mepesi.

Msomaji kwa Sikio
Naomba kuleta kundi ambalo halijatajwa. Mimi sioni, na kompyuta yangu hunisomea kwa sauti kupitia programu ya kusoma skrini. Mwenye macho akifungua ukurasa huutupia jicho na kuona kilicho kikubwa. Mimi hubonyeza herufi H, nami huruka kutoka kichwa kimoja cha sehemu hadi kingine, nikisikiliza sauti iliyoongezwa kasi kiasi kwamba aliyekaa karibu nami hasikii neno hata moja. Ukurasa ukiwa na vichwa vilivyowekwa ipasavyo, naupekua haraka. Lakini mwandishi akiwa amekoleza tu maandishi ili yafanane na kichwa, programu haioni kichwa chochote, nami hulazimika kusikiliza kila kitu tangu juu. Tangazo likiwa limepigwa picha, kwangu ni kimya. Mara nyingi nachagua chanzo cha pili au cha tatu kwa ubora, kwa kuwa ndicho kinachosomeka. Wenzangu, mkiandika jambo muhimu, liandikeni kwa herufi, msilipige picha.

Wakili
Hili sikuwa nimelifikiria, na nyaraka nyingi za ofisini kwetu ni picha tupu. Nitalipeleka kwenye kikao.

Mfanya Usafi
Mimi nafanya usafi kwenye jengo lenye watu waliosoma sana. Ukitaka kujua kuhusu mkataba wako, likizo yako au makato ya mshahara, utadhani ni rahisi kuuliza, kwa kuwa tumezungukwa na wanaojua. Lakini hatuulizi. Ukimuuliza msimamizi, anajua kwamba una wasiwasi na kazi. Ukimuuliza mwenzako, kesho kila mtu anajua shida yako. Ukimuuliza bosi wa ofisi unayoisafisha, anashangaa kwamba unaweza kuuliza. Kwa hiyo tunaambiana tu yale tuliyokwisha kuyajua, na tunanyamaza kuhusu yale yanayotuumiza. Anayesema hatupendi kujua, huyo hajui hali yetu.

Mkutubi
Ndugu yangu, ulichokiandika ndicho alichokitafiti Elfreda Chatman, mtafiti wa ukutubi, kwa miaka mingi, akikaa na wafanyakazi wa usafi wa chuo kikuu, wanawake wazee kwenye makazi ya wastaafu, na wanawake gerezani. Aliona kwamba watu huficha haja zao na kujinyima taarifa ili kujilinda, hasa pale kuuliza kunapoweza kuwagharimu. Wengi waliosoma huliita jambo hilo uvivu, na hilo linaniuma.

Mfanya Usafi
Basi nikuulize wewe, kwa kuwa hapa hakuna anayenijua. Makato kwenye karatasi yangu ya mshahara yamebadilika na hayana maelezo. Nianzie wapi bila kujulikana kwamba nauliza?

Mkutubi
Anza na karatasi zako mwenyewe. Weka ile ya mwezi wa kabla ya mabadiliko pembeni ya ile ya baada, uandike jina la kila kato na kiasi chake, kisha tazama kama mkataba wako unalitaja. Ukishajua ni kato lipi, nenda maktaba yoyote ya umma uombe sheria ya kazi, kwani hakuna atakayekuuliza kwa nini unaitaka. Wakili aliyeandika hapo juu akipenda, ataongeza.

Wakili
Napenda. Angalia kwanza kama sheria utakayopewa ina marekebisho ya karibuni. Halafu waulize maofisa wa kazi wa serikali au chama cha wafanyakazi swali la jumla, kwamba kato la aina hiyo linaruhusiwa kwa masharti gani, bila kutaja jina lako wala la mwajiri. Na usizitupe karatasi zote mbili.