Kliniki ya unene uliokithiri: ije Kisumu ama wagonjwa waendelee kusafiri Nairobi?

NyarKondele: Mtu wa kilo 160 huku kwetu anatibiwa presha mlango huu, sukari mlango ule, magoti mlango wa tatu. Unene wenyewe hauna daktari. Nataka kliniki moja Kisumu: daktari wa sukari, mtaalamu wa lishe, mshauri nasaha na mpasuaji, wote wakae na faili moja. Mnasemaje?

MzeeWaNakuru: Malaria kwanza, akina mama wanaojifungua kwanza. Hao wapunguze ugali.

JaNam: Mzee, ugali umekukosea nini? Babu zangu walikula ugali na samaki wa mbuta maisha yao yote, hakuna aliyenenepa hivyo. Laumu chipsi na soda.

Mwalimu_Siaya: Mbuta ililetwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Babu yako alikula ngege.

JaNam: Mwalimu, unamjua babu yangu kuliko mimi? Hata hiyo miaka ya 1950 alikuwa hai!

MzeeWaNakuru: Na alitembea hadi sokoni kwa miguu. Nyinyi mnapanda boda hadi dukani.

Sista_Kakamega: Nimefanya uuguzi miaka mingi, naomba mnisikize. Mtu akishafika uzito huo, mwili unapigania kuurudisha: akikonda, njaa inazidi. "Punguza ugali" ameambiwa tangu utotoni. Na akipasuliwa tumbo Nairobi ili apungue uzito, anahitaji vitamini na vipimo vya damu maisha yake yote. Akirudi Busia, nani atamfuatilia?

MzeeWaNakuru: Dada, sikumtukana mtu. Nimesema pesa ni chache. Na tangu 2013 afya iko chini ya kaunti, kwa nini Nakuru igharamie Kisumu?

NyarKondele: SHA, bima ya afya ya taifa, si ya kaunti, Mzee. Inakata 2.75% ya mshahara, mnene na mwembamba sawa.

Mwalimu_Siaya: Na utafiti wa afya wa 2022 ulisema karibu nusu ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wamezidi uzito.

Sista_Kakamega: Kuzidi uzito tu, Mwalimu. Wale wa kliniki hii ni wachache zaidi, ndiyo maana inawezekana.

JaNam: Kwa hivyo tuandikie kamati ya afya ya bunge la kaunti. Mzee, utatia sahihi?

MzeeWaNakuru: Ya Kisumu pekee sitii. Andikeni na Nakuru pia, hapo mtaniona.

JaNam: Na ugali?

MzeeWaNakuru: Huo sijabadilisha neno.