Naomba ushauri: ruta yangu mwenyewe inanifungia mlango

MamaZahara_Arua

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi niko Arua, mtaa wa Oli. Nina ruta ya laini, ile ya kuweka kadi ya simu ndani, na kila tarehe 1 nanunua bando la mwezi. Zamani lilikuwa linanifikisha tarehe 27 au 28. Mwezi huu tarehe 11 asubuhi natuma risiti za duka kwa WhatsApp, naona kiduara kinazunguka tu. Kuangalia salio, sifuri.

Nyuma ya nyumba nina vyumba vinne vya kupangisha. Jioni wapangaji na watoto wao wanakuja kukaa barazani kwangu, wanaegemea ukuta ule ule ambao ruta iko upande wa pili, juu ya friji. Simsingizii mtu. Lakini nani anakaa na mbu saa mbili nzima kwa kupenda upepo?

Nataka kubadilisha pasiwedi ya WiFi. Kijana mmoja wa duka la simu akaniambia niandike 192.168.1.1 kwenye simu. Nimeandika. Mara ya kwanza Google ikaniletea makala za kuhusu ruta. Mara ya pili ikasema ukurasa haupatikani. Aliyeifunga hii ruta ni Baba Zahara, naye yuko njia ya Juba na lori. Nikimpigia ananiambia "zima, uwashe". Nimezima nimewasha mpaka swichi imelegea.

Nifanyeje?

Kijana_wa_Kisenyi

Nunua nyingine dada, mambo yaishe 😂

MamaZahara_Arua

Tuma pesa, nanunua leo leo.

FundiBusia

Pole Mama Zahara. Kwanza acha kubahatisha namba. Hiyo 192.168.1.1 si ya kila ruta. Huawei nyingi za laini ni 192.168.8.1, TP-Link nyingi ni 192.168.0.1, na vile visanduku vya Huawei vya faiba, intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya, mara nyingi ni 192.168.100.1. Badala ya kukariri, iulize simu yako, inajua. Ikiwa imeshika WiFi ya nyumbani, ingia Mipangilio, WiFi, gusa jina la WiFi yako au ile alama ya gia pembeni yake, shuka mpaka uone neno Gateway. Namba iliyo hapo ndiyo mlango wa ruta. Mwenye kompyuta ya Windows afungue ule ubao mweusi wa amri, aandike ipconfig, ataiona pia.

Ukishaipata iandike kule juu kabisa penye anwani, uanze na http:// ili simu isidhani unatafuta kitu. Namba za 192.168 haziko kwenye intaneti hata kidogo, ni za ndani ya nyumba. Ndiyo maana namba ile ile iko kwangu Busia na kwako Arua na hatugongani. Na uangalie vidole: ni tarakimu moja, si herufi l. Nimewahi kukaa nusu saa nzima na mteja anaandika 192.l68, kwenye kioo cha simu vinafanana kama mapacha.

MamaZahara_Arua

Gateway inasema 192.168.8.1. Nimeandika na hiyo http. Inazunguka, inazunguka, halafu inasema imechoka kusubiri. Banange, hata mimi nimechoka.

Mwalimu_Mbale

Binti yangu, hebu tazama juu ya kioo cha simu yako. Pana alama ya kifunguo kidogo?

Nauliza kwa sababu hiyo ndiyo alama ya VPN, programu ya kupitisha intaneti yako nchi nyingine, na Waganda wengi tunaishi nayo bila kukumbuka kama tunayo. Ilianza Julai 2018, ilipokuja ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku, kila mtu akaweka VPN kuikwepa. Kodi ikaondolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe, lakini Januari mwaka huo huo Facebook ilikuwa imefungwa, basi hata aliyekuwa ameifuta akairudisha. Sasa VPN inabeba kila unachoomba na kukipeleka nchi ya mbali. Ukiomba 192.168.8.1, inakwenda kuitafuta huko ughaibuni, na ruta yako iko juu ya friji. Itaipata wapi? VPN nyingine zinakubali kuacha vitu vya nyumbani, lakini nyingi za bure hazina habari hiyo. Izime.

Jambo la pili: bando limekwisha, kwa hiyo WiFi yako ipo ila haina intaneti. Simu ikiona hivyo, kimya kimya inahamia data ya laini yake. Zima data ya simu pia. Ikikuuliza kama uendelee na WiFi isiyo na intaneti, kubali.

MamaZahara_Arua

WALLAHI mwalimu! Kifunguo kilikuwepo! Nimezima vyote viwili, ukurasa umefunguka kabla sijaondoa kidole.

Lakini sasa unataka pasiwedi. Nimeweka ya WiFi, umekataa. Nimeweka admin na admin, umekataa. Nimejaribu jina la mtoto, mwaka wa harusi, namba ya lori. Umekataa, na sasa umeniambia nisubiri kidogo kwanza. Ruta inaniadhibu nyumbani kwangu.

FundiBusia

Usubiri kweli, hiyo ni kinga yake dhidi ya wanaokisia. Ukiendelea kukisia itakufungia tena.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Pasiwedi ni mbili. Moja ni ya WiFi, hiyo ni ya lango la ua, kila mgeni anapewa. Nyingine ni ya ukurasa wa mipangilio, hiyo ni ya chumbani kwa mwenye nyumba. Ruta za zamani zilikuja na admin kwa admin, ruta za sasa nyingi kila moja ina yake, imechapishwa kwenye stika chini ya ruta, au ndani ya kifuniko cha betri kama ni ile ndogo ya mfukoni. Pindua usome.

MamaZahara_Arua

Stika ipo. Miaka mitatu ya mafuta ya kukaangia samaki imepita juu yake. Nimefuta kwa kitambaa, nikamulika tochi kwa upande, nikapiga picha na kuikuza. Ya WiFi inasomeka yote. Ya ukurasa inasomeka herufi zote isipokuwa moja, sijui ni B au 8. Nimejaribu zote mbili, zote zimekataliwa.

FundiBusia

Zote mbili zikikataliwa, basi mzee aliibadilisha siku alipoifunga. Muulize.

MamaZahara_Arua

Nimemuuliza. Anasema "weka ile ya kawaida". Ya kawaida ni ipi? Simu ikakatika.

BodaMtandao

Rahisi mama. Nyuma kuna kitundu kidogo kimeandikwa Reset. Ingiza sindano, bonyeza sekunde 10 hivi, ruta inazaliwa upya.

Jirani_Ntinda

NGOJENI. Kabla mama wa watu hajachoma sindano. Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka jana na kisanduku cha faiba, Ijumaa jioni, nikijiona fundi. Kumbe ndani yake kulikuwa na jina na nywila za kampuni inayoniletea intaneti, zile ambazo kisanduku kinajitambulisha nazo kwao. Zikafutika. Hakuna mtu mwenye nazo isipokuwa wao, na wao hawapokei simu wikendi. Niliikosa mechi ya Jumamosi na ya Jumapili, na mke wangu bado ananiita injinia.

FundiBusia

Jirani amesema kweli. Mwenye faiba asiguse kitundu kabla hajawapigia wanaomuuzia huduma. Ila ya Mama Zahara ni ya laini, inajitambulisha kwa kadi. Ikifutwa, mara nyingi inajiseti yenyewe. Mambo mawili tu, mama: kama kadi ina PIN, uwe nayo. Na ujue kwamba jina la WiFi na pasiwedi yake vitarudi kuwa vile vya kwenye stika. Kama navyo visingesomeka, ungetafuta waya wa mtandao na laptopu, maana waya hauulizi pasiwedi ya WiFi.

MamaZahara_Arua

Nimefanya. Sindano ya kushonea ilikuwa nyembamba sana, inateleza, nikachukua ncha ya hereni. Nikabonyeza huku nahesabu kwa sauti. Kwenye tisa taa zote zikazimika pamoja. Nikasema nimeiua. Halafu ya kwanza ikawaka, ya pili, na kwenye simu likatokea jina la ajabu la herufi na namba, lile la kwenye stika. Nikaingia, 192.168.8.1. Nikaweka B, imekataa. Nikaweka 8.

NIMEINGIA.

Awadifo, awadifo sana, yaani asanteni. Sasa niko chumbani kwa mwenye nyumba, nibadilishe nini?

Mwalimu_Mbale

Hongera binti yangu. Badilisha nywila zote mbili, na zisifanane. Usalama, yaani aina ya kufuli ya WiFi, uwe WPA2, au WPA3 kama ipo na simu zenu zinaikubali. Zima kitu kinachoitwa WPS, ni njia ya mkato ya kuingia bila nywila na ina udhaifu unaojulikana tangu 2011. Kisha andika nywila ya ukurasa kwenye daftari lako la duka. Si kwenye kichwa cha Baba Zahara.

Kijana_wa_Kisenyi

Mwalimu hana huruma 😂😂

MamaZahara_Arua

Siku nne baadaye, narudi kwenu na aibu. Nimebadilisha kila kitu, nimenunua bando jipya. Jana usiku nimeingia kwenye ukurasa kuangalia orodha ya walioshika. Nyumbani tuna simu tatu na televisheni. Orodha ina vifaa tisa. TISA. Na baraza imejaa watu kama kawaida.

BodaMtandao

Wapige bloku mmoja mmoja. Kila simu ina namba yake ya MAC, ruta inakuruhusu kuzifungia.

FundiBusia

Boda, hiyo ilikuwa dawa ya zamani. Tangu Android 10 na iOS 14 simu zinajipa MAC ya bandia kwa kila WiFi. Ukiona herufi ya pili kwenye namba ni 2, 6, A au E, hiyo ni ya bandia. Unamfungia leo, anabadilisha kitu kimoja kwenye mipangilio, ruta inamwona mgeni mpya. Utashinda hapo unafukuza vivuli.

Swali ni moja: pasiwedi wameipata wapi? Hakuna mtu wa barazani aliyeivunja kwa siku nne. Kuna mtu amewapa.

BodaMtandao

Sawa fundi, nimekaa chini.

Jirani_Ntinda

Mama Zahara, nani mwingine ndani ya nyumba ana simu? Android ya sasa ukigusa jina la WiFi kuna kitufe cha kushiriki, kinatoa ile picha ya miraba ya QR. Mwenzako anaelekeza kamera tu, ameingia. Kwa simu nyingi pasiwedi yenyewe imeandikwa chini ya picha.

MamaZahara_Arua

Nimemwita Zahara. Ana miaka 12. Nikamwambia nioneshe hiyo picha ya miraba. Hakuuliza "miraba gani". Ameifungua haraka kuliko ninavyofungua sanduku la pesa.

Amekuwa akiionesha dirishani. Bei ilikuwa rolex moja, ile chapati ya mayai, au nusu kama ni rafiki. Rolex tano kwa siku nne, na mimi nashangaa kwa nini mtoto hali chakula cha jioni.

Kijana_wa_Kisenyi

Huyo mtoto apewe duka 😂😂😂

Mwalimu_Mbale

Usimchape, binti yangu. Biashara ameiona kwako.

FundiBusia

Angalia kwenye ukurasa kama kuna WiFi ya wageni, imeandikwa Guest. Ruta nyingi zinayo. Ukiipata, iwashe kwa pasiwedi nyingine, umuweke Zahara huko. Halafu ubadilishe ile kuu tena, na safari hii uiandike wewe mwenyewe kwenye simu za watu wazima. Mtoto akiuza ya wageni, unaizima jioni na yenu inabaki. Na televisheni uiangalie: filamu ya HD inaweza kula karibu GB 3 kwa saa, usije ukawalaumu wapangaji kwa yote. Punguza ubora wa picha kwenye programu yenyewe.

MamaZahara_Arua

Guest ipo. Nimefanya yote, na televisheni nimeishusha ubora, macho yangu hayaoni tofauti. Leo asubuhi orodha ni vifaa vinne. Jioni ya jana baraza ilikuwa tupu, mbu wamekosa watu. Mpangaji wa chumba cha tatu amekuja kwa heshima kuuliza kama tunaweza kuchangia bando, nikamwambia tukae tuongee, huyo angalau ameuliza.

Baba Zahara naye amefika usiku kutoka Juba. Simu yake haishiki WiFi, ananiuliza shida ni nini.

Nimemwambia azime, awashe.