Mguu ukipona tunaenda wapi?

Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mguu bado uko kwenye plasta na daktari kasema nisitoke kabisa, leo tangu asubuhi nimelala na ramani ya dunia kwenye simu nasafiri kwa kidole. Hebu kila mtu aseme, plasta ikitoka twende wapi? Msitaje pa karibu nataka mbali

Mziwanda: SALAR DE UYUNI kule Bolivia dada!! ni uwanja wa chumvi tupu, zaidi ya kilomita za mraba 10,000, msimu wa mvua kama Januari Februari hivi maji yanatuama juu ya chumvi kidogo tu alafu panakuwa kioo, unasimama mawingu yako juu na mengine chini ya miguu yako

Mjomba: Marahaba wanangu. Hapo ni zaidi ya mita 3,600 kutoka usawa wa bahari, mimi na presha yangu mtaniacha hotelini

Mziwanda: si watu wanapumzika kwanza mjomba, siku mbili tatu mwili unazoea hewa. Hata wanaoenda kwenye magofu ya Machu Picchu kule Peru ndo hivyohivyo, tena pale mji wa Cusco wanapofikia uko juu zaidi, kama mita 3,400, magofu yenyewe yako 2,430 kwa hiyo unateremka kwenda kuyaona

Mjomba: Nipeni treni mimi. Moscow mpaka Vladivostok, kilomita 9,289, karibu wiki nzima. Unalala unaamka bado mko njiani, mnapita milimani Ural mnapita misitu isiyoisha, mnakuja kupita kando ya Ziwa Baikal lenye kina kuliko maziwa yote duniani, mita 1,642 kwenda chini, na saa mnazisogeza mbele kidogokidogo mpaka mkifika mmeipita Moscow kwa saa 7. Reli hiyo naifuatilia kwenye atlasi tangu niko shule na sijaacha kuitaka hata siku moja

Dada Mkubwa: mjomba hujawahi kutuambia hili

Mjomba: Hamjawahi kuniuliza

Mama Mdogo: Jamani na huyu mgonjwa wetu? Mguu uliotoka kuvunjika ukikaa umekunjwa masaa mengi unavimba, na damu inaweza kuganda. Hata ndege ya mbali asipande mpaka daktari amruhusu, hilo sikubali mjadala

Dada Mkubwa: kwenye treni si kuna vitanda mama mdogo, na unatembea koridoni. Lakini nimekuelewa nitamuuliza

Shangazi: Mimi Tromsø, Norwe. Kule kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi, mnaamka mchana ni kama magharibi imeingia, alafu usiku kukiwa hakuna mawingu mbingu inawaka kijani inacheza kama pazia. Ni chembe zinazotoka kwenye jua zinagonga hewa huko juu zaidi ya kilomita 100, ndo maana kijani, ni oksijeni ile. Nataka nisimame kwenye theluji niangalie tu nisiongee na mtu

Mziwanda: shangazi wewe usiongee???

Shangazi: Nyamaza wewe mtoto 😂

Bibi: 🎤 1:48

Mziwanda: wasioweza kusikiliza naandika. Bibi anasema mmetaja mbali kote huko lakini yeye anataka maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, pale Zambia inapopakana na Zimbabwe, na hataki mchana, anataka usiku wa mwezi mpevu kwa sababu amesikia upinde wa mvua unatokea usiku. Anauliza ni kweli au watu wanamdanganya

Dada Mkubwa: Ni kweli bibi!! Shikamoo. Mwanga wa mwezi unapiga yale manyunyu kama jua linavyofanya, ila kwa macho unauona mweupemweupe kwa kuwa mwanga ni hafifu, kamera ikiachwa wazi sekunde kadhaa ndo inatoa rangi zote. Na hifadhi inafunguliwa usiku siku za mwezi mpevu watu waingie

Mama Mdogo: Hapo sasa naona pana maana. Maporomoko yenyewe yana upana wa kama mita 1,700 na urefu mita 108, na hakuna kupanda mlima

Mjomba: Na kuna daraja la reli la mwaka 1905 juu ya korongo, mtu unalivuka kwa miguu kutoka nchi moja mpaka nyingine. Basi nianze na daraja, treni itafuata

Mziwanda: twendeni Oktoba

Dada Mkubwa: Oktoba hapana! maji yanakuwa yamepungua, upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mkavu. Aprili nayo yamejaa mno, manyunyu yanakufunika huoni kitu. Mimi nasema Juni, maji bado mengi, unaona vizuri na upinde wa usiku bado upo. Na mguu utakuwa umeshakaza mpaka hapo. Jamani kusema tu "siku moja tutaenda" kumenichosha, nikiwa na mwezi wa kuungojea hata haya mazoezi ya mguu yanayouma nayafanya kwa moyo

Shangazi: Juni basi. Nafungua kalenda natafuta mwezi mpevu unaangukia lini

Mama Mdogo: Kila mtu aangalie pasipoti yake leo, iwe na zaidi ya miezi sita mbele, msije mkatuchelewesha

Mjomba: Yangu imeisha zamani. Kesho naenda kuomba mpya

Bibi: 🎤 0:09

Mziwanda: bibi anauliza makoti ya mvua ananunua nani, na lake lisiwe jeusi