Akili mnemba, akili unde au akili bandia: mtoto aandike lipi?

Baba wa Kidato cha Pili
Wakuu, naombeni msaada. Binti yangu karudi na daftari la Kiswahili, insha ya faida na hasara za teknolojia. Kaandika "akili bandia", yaani hii AI, mara sita. Zote sita zimezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu wake kaandika: "Akili unde! Rudia." Jioni nawasha redio, mtangazaji anasema akili mnemba. Kazini imekuja barua ya mafunzo, nayo akili mnemba. Mtoto ananiuliza, "Baba, sasa lipi?" Nimebaki kumkodolea macho. Kwani hatuna baraza? BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo kisheria tangu 1967. Kwa nini lisichaguliwe neno moja, likatumika darasani, redioni na ofisini, tukalala?

Mtafsiri Njaa
Mwalimu yuko sahihi, mtoto arudie. Bandia ni feki. Noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia, vyote hivyo ni vitu vya polisi. Unde linatokana na kuunda: akili iliyoundwa. Lina mzizi, linaeleweka, halimtukani mtu. Tukiacha kila mtu aokote neno lake tutafika walikofika majirani zetu wa Kenya, mtoto anafundishwa kompyuta ni "tarakilishi" darasani, akitoka nje ya geti hakuna anayemwelewa.

Fundi Simu K/koo
Bibi yangu ana meno bandia. Anatafunia mahindi ya kuchoma. Polisi hawajafika.

Mtafsiri Njaa
Ndugu, hiyo ni hoja au ni kichekesho? Nimefanya kazi ya tafsiri miaka kumi na nne, sihitaji kufundishwa maana ya bandia kwa meno ya bibi.

Fundi Simu K/koo
Mguu bandia nao? Nywele bandia? Mtu kakatwa mguu, kavaa mguu bandia, anatembea hadi msikitini. Utamwambia ana mguu wa kughushi? Bandia ni kitu kilichotengenezwa kikashika nafasi ya kile cha asili. Ndivyo ilivyo hiyo akili. Mtoto kaelewa Kiswahili kuliko mwalimu wake. Na bibi muache, ni mtu mzima.

Bi Matemwe
Jamani mie nacheka peke yangu barazani. Sisi Mnemba tunaijua kisiwa. Ukisimama Matemwe pwani unakiona kile pale, watalii wanapakiwa kwenye mashua kwenda kuzamia. Mara ya kwanza kusikia "akili mnemba" redioni nikadhani ni hoteli mpya.

Jirani Mkimya
Mimi nimeiuliza mashine yenyewe. Imejibu "akili bandia". Nikaandika: sivyo. Ikaomba radhi, ikasema neno sahihi ni "akili mnemba". Nikaandika: sivyo. Ikaomba radhi tena, ikaja na "akili unde". Kijana ana adabu sana, ila hana msimamo.

Mtafsiri Njaa
Ndiyo maana nasema liamuliwe. Hata mashine imechanganyikiwa kwa sababu yetu.

Fundi Simu K/koo
Maneno hayaamuliwi, bosi. Nakaa na simu kumi na tano mezani kwa siku. Sijawahi kusikia mteja akisema "nywila". Kijana atasema paswadi, mama atasema "nimesahau namba yangu ya siri", mzee atasema "imejifunga". Nywila nimeliona kwenye skrini tu, tena pale mtu anapobadili lugha kwa bahati mbaya na kuniletea nimrudishie Kiingereza, elfu mbili.

Neno moja la kitaalamu nililoliona likipenya kwa macho yangu ni kishikwambi. Unajua kwa nini? Sensa ya Agosti 2022. Makarani walipewa kitu mkononi na kitu kilikuja na jina lake. Baadaye walimu wakagawiwa. Sasa mwalimu akija na kioo kimepasuka hasemi tableti. Anakitoa kwenye mfuko wa rambo, anakiweka kifudifudi ili nisione ufa, anasema kwa sauti ya chini: "Fundi, ni kishikwambi cha serikali, nifanyie ubinadamu." Hakuna baraza lililomfundisha kusema hivyo.

Mhasibu Asiyeombwa
Hapo nakuunga mkono, na ninaongezea. Kikokotoo! Zamani ni kile kimashine cha hesabu tu, watu wanakiita kalukuleta. Leo nchi nzima, hadi bodaboda, inajua kikokotoo ni hesabu ya mafao ya wastaafu. Mfano mzuri kabisa wa neno la Kiswahili lililofaulu.

Mwalimu Mstaafu
Umesema mfano MZURI?

Mhasibu Asiyeombwa
Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nazungumzia lugha.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Mimi nazungumzia nyumba yangu. Imefika kwenye lenta tangu 2022, popo wameshazaliana mle ndani. Nimefundisha hisabati miaka thelathini, kwa hiyo acha niwaeleze mfano wenu mzuri.

Chukua mtu wa miezi 360 kazini, mshahara wa mwaka milioni 12. Kwa hesabu ya zamani ya sisi watumishi wa umma: 360 gawanya kwa 540, zidisha milioni 12, unapata pensheni ya mwaka milioni 8. Zidisha 15.5, chukua nusu. Milioni 62 mkononi siku ya kuondoka. Sasa fanya kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022: 360 gawanya kwa 580, zidisha milioni 12, unapata milioni 7 na laki nne na ushee. Zidisha 12.5, chukua asilimia 33. Milioni 30 na laki saba. Nilikuwa nawapa wanafunzi maswali ya namna hii kwa miaka thelathini, sikujua na mimi natungiwa langu.

Neno lilifaulu, ndiyo. Hata malaria ni neno lililofaulu.

Jirani Mkimya
Lakini si Magufuli alikifuta hicho kitu?

Mwalimu Mstaafu
Alisitisha. Desemba 2018, kile kilichotangulia, cha asilimia 25 mkononi. Akasema hesabu za zamani ziendelee hadi 2023. Tulishangilia ofisi ya walimu, mtu akanunua soda kreti nzima. Kikaja kipya 2022, kabla hata huo mwaka haujafika. Mwezi kilipoanza ndio mwezi niliotoka mimi.

Mhasibu Asiyeombwa
Mwalimu, kwa heshima zote, hesabu haijakamilika. Umeonyesha mkupuo tu, zile za mara moja. Piga na ya mwezi. Kwa mfano wako, zamani mstaafu angebaki na nusu ya milioni 8, sawa na laki tatu na elfu thelathini na tatu kwa mwezi. Kwa hesabu mpya anapata laki nne na elfu kumi na tano. Na mkishaishi miaka ishirini mkupuo mnausahau, ya mwezi ndiyo inayonunua dawa. Pia mshahara unaotumika sasa ni wastani wa miaka mitatu mizuri. Na kuna waliokuwa wakipewa asilimia 25 tangu zamani, kwao 33 ilikuwa nyongeza. Halafu bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40, na hao wa 25 hadi 35. Tuseme yote.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, elfu themanini na mbili kwa mwezi inaezeka paa?

Mhasibu Asiyeombwa
Haiezeki. Lakini...

Mwalimu Mstaafu
Basi.

Mtu wa Kuze
Mimi nimetoka kazini sasa hivi nimesoma yote, na kikokotoo chenu sina haja nacho. Narudi kule juu kwa Mtafsiri Njaa. Ati "walikofika majirani zetu wa Kenya". Wewe bwana, wajua unaongea na nani? Mimi mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Watu walikuwa wakitunga mashairi kwa Kimvita kabla Dar es Salaam haijapata jina. Tarakilishi lina baba na mama: tarakimu na akili. Kompyuta lina nani? Limeokotwa bandarini.

Mtafsiri Njaa
Sikusema Mombasa. Nilisema shule za Kenya.

Mtu wa Kuze
Mombasa iko wapi, Oman? Kila mara ni hivi hivi. Sisi tukisema "ndoo" kumwita mtu, mwacheka, mwasema twataka ndoo ya maji. Mukaambiwa Kiunguja ndicho sanifu, mukaamini kimeshuka na malaika. Kiliteuliwa na wakoloni kwenye mkutano.

Jirani Mkimya
Mkutano wa 1930 ule.

Mtu wa Kuze
1928. Kamati ya lugha ndiyo ya 1930. Na mkutano wenyewe wajua ulikaliwa wapi? Mombasa! Walikuja kwetu, wakanywa chai yetu, wakachagua lugha ya jirani.

Bi Matemwe
Sasa hapo Waunguja tumekukosea nini, kaka yangu? Sie hatukuwemo kwenye hicho kikao. Na hicho sanifu chenu si Kiunguja, kwetu hakuna azungumzaye vile. Ukisema vile shamba watakuuliza umekuja kuhesabu watu.

Mtu wa Kuze
Samahani dada, wewe sina ugomvi nawe. Nina ugomvi na huyu wa miaka kumi na nne.

Mtafsiri Njaa
Miaka kumi na nne ya kazi, si ya umri. Na nikuambie, nusu ya hizo nimekuwa nikilipwa kwa neno, na mteja wangu mkubwa kaniandikia mwezi uliopita kwamba sasa mashine inatafsiri, mimi nipitie tu makosa, kwa robo ya malipo. Nimepitia. Imeandika "viti wamevunjika". Imeandika "mtoto yake". Nimekaa usiku kucha nasahihisha ngeli za kitu ambacho nyote hapa mnabishania jina lake. Kwa hiyo mniwie radhi kama nina hasira nalo. Kiiteni hata Juma.

Fundi Simu K/koo
Pole kaka. Hilo ungelisema mwanzo nisingemleta bibi.

Jirani Mkimya
Lakini "viti wamevunjika" ndivyo anavyosema shemeji yangu wa Nairobi, na yeye si mashine.

Mtu wa Kuze
Nairobi usinitie mimi.

Mhasibu Asiyeombwa
Nikirudi kwenye hoja ya mkupuo, nilitaka kusema kwamba...

Mwalimu Mstaafu
Nilisema basi.

Bi Matemwe
Mwalimu, hiyo lenta uliyofika, umeifunga na zege au bado mbao zimo? Kama mbao zimo toa, mvua zikianza zitakuozea. Baba yangu ilimtokea.

Mwalimu Mstaafu
Mbao nilishatoa mwanangu, ahsante. Nilizitumia kutengeneza banda la kuku. Ndiyo sehemu pekee iliyopauliwa.

Baba wa Kidato cha Pili
Wakuu, mimi ndiye mwenye swali. Daftari linarudishwa kesho asubuhi. Binti kakaa hapa mezani na kifutio, ameshatoboa karatasi kwenye "bandia" ya tatu. Aandike nini?

Mtafsiri Njaa
Unde. Msimamo wangu haujabadilika.

Fundi Simu K/koo
Aache bandia. Karatasi imeshatoboka, Mungu kashasema.

Mtu wa Kuze
Aandike tarakilishi yenye akili, mwalimu wake aumwe kichwa.

Mwalimu Mstaafu
Mzazi, mwambie aandike unde. Kalamu nyekundu si yake. Mtihani ukipita aandike lake, hakuna wa kumzungushia. Na asifute kwa nguvu, aanze ukurasa mpya. Wewe mwenyewe uko serikalini?

Baba wa Kidato cha Pili
Ndiyo, mwalimu. Halmashauri.

Mwalimu Mstaafu
Una miaka mingapi kazini?

Baba wa Kidato cha Pili
Ishirini na miwili.

Mwalimu Mstaafu
Miezi 264. Binti akimaliza, muazime hiyo kalamu.